Kiti cha Askofu

Mjukuu wangu Fiston,

Huku ugenini Bellevue tupo salama. Mama yako bado anashona, na baridi imeanza.

Umeuliza: yule askofu wa kale mnayesoma habari zake seminarini, aliyetaka kuwarekebisha mapadre wake kabla Kanisa halijagawanyika, kazi yake ilifaa nini kama hawakumsikiliza?

Nilipokuwa msichana kule Kivu, askofu alitembelea parokia yetu. Tulimwandalia kiti mbele. Yeye akaenda mlangoni walipokaa wajane, akamleta bibi yangu akikalie, kisha yeye akarudi mlangoni kuketi mahali pa bibi. Alipoondoka, padre aliagiza wajane wakae mlangoni kama zamani.

Jumapili iliyofuata bibi yangu aliwapita wenzake, akaketi mbele. Padre alimwona, akaanza misa bila kumwondoa.

Ni mimi bibi yako.