Meneja Alitaka Jina Moja

Bi Mwanakombo,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini wewe ndiye uliyenikanya kuanza jambo bila salamu, na barua pia ni jambo.

Tangu tukuzike kwenu Bodo, mengi yamebadilika hapa jikoni, kwenye hoteli yetu ya Diani. Nafasi yako ya mpishi mkuu wamenipa mimi, Saumu wa Mkongani, uliyempokea hajui hata kupaa samaki magamba. Meneja wetu wa zamani amehamishwa, akaja mwingine. Huyu amezijaza kuta mabango: uwajibikaji, uwazi, sisi ni timu moja. Yeye mwenyewe hula ghorofani peke yake, na akishuka, ujue anatafuta wa kulaumiwa. Ametuletea na sanduku lenye tundu, tuchongeane kwa siri. Mungu anisamehe, mimi nalitumia kuwekea vitunguu.

Nina hasira, mama. Nina majonzi na nina hasira, na siku nyingine siwezi kuzitenganisha. Nakosa sauti yako ikinifokea kuhusu moto wa jiko.

Lakini sinia lako sikuliacha. Wageni wakishamaliza chamshakinywa, tunatandika mkeka nyuma ya jikoni, sinia la sima katikati, mboga ya mchunga kando, mpishi na muosha vyombo wanamega pamoja. Na kanuni ni ile ile: aliyekosea aseme kabla hatujanyanyuka, na mkubwa ndiye aanze. Nakumbuka siku uliyotuambia kwamba pilau ya watu uliitia chumvi mara mbili. Hakuna aliyekuwa amejua. Ulisema, ukamega tonge lako, ukaendelea kula. Mgeni wa kazi alipoona haya ulikuwa ukimwambia, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema mwanangu, kisha ule." Na akishasema, ole wake atakayemrudishia maneno hayo kesho. Ndiyo maana tulikuwa tukisema.

Basi wiki iliyopita mlango wa chumba cha baridi uliachwa haukushika. Asubuhi samaki wote wa karamu ya arusi, nguru na kolekole, wananuka. Wageni wa watu wako njiani, na sisi tumeshika pua. Meneja akaniita ofisini. Alitaka jina moja kabla ya jioni, mwenye jina afunge virago. Nisipolitoa, nifunge mimi. Akanitolea na methali, eti samaki mmoja akioza huoza wote. Nikamwambia, "Hawa bwana wameoza kwa pamoja. Hakuna aliyemwambukiza mwenzake." Wewe ungecheka. Yeye hakucheka.

Nikashuka, nikatandika mkeka. Nikaanza mimi: jiko ni langu, na nilitoka bila kuusukuma ule mlango kuuhakikisha. Kisha Mutua, muosha vyombo aliyetoka Ukambani, unamkumbuka, yule mwenye watoto wadogo pale Ukunda, akaweka tonge chini. "Mimi ndio nilitoka wa mwisho," akasema. "Nilikuwa nimebeba kreti, nikaufunga na mguu." Hakuna aliyemuuliza. Mpishi wa saladi naye akasema aliuona umeachama, akadhani kuna mtu ndani, akapita zake.

Kosa moja, mama, na lilikuwa na wenyewe watatu. Wa nne hakuwa mkekani. Mpira wa mlango ule ulikuwa umechanika tangu wewe ukiwa hai, unajua. Meneja huyu nimemwambia zaidi ya mara moja, na kila mara jibu lake lilikuwa tusubiri msimu upite.

Mutua alisimama, akataka kupanda kwenda kujitaja. Nikamkalisha. Nilimwambia hapa umeshasema na tumeshasikia, kule juu hawasikii, wanakata vichwa. Ndipo mwenyewe akatoa wazo kwamba kuanzia siku hiyo anayetoka wa mwisho amwite mwenzake, wausukume mlango wote wawili. Tunafanya hivyo hadi leo. Bango gani lingetuletea hilo?

Nikapanda peke yangu. Akauliza jina. Nikamwambia, "Wewe unataka jina. Sisi tunataka samaki wasioze tena. Kila mtu amesema fungu lake, na la kwanza ni langu. Limebaki lako, la mpira wa mlango." Akasema huo ni utovu wa adabu. Akasema atanishitaki kwa wenye hoteli. Nikamwambia ashitaki, nikamuaga kwa heshima, maana adabu ulinifundisha wewe wala si yeye.

Kesho yake fundi akaja na mpira mpya. Meneja mwenyewe mkekani hakuja, ingawa nilimtumia salamu kwamba chakula kipo. Wenye hoteli wameniita Jumatatu. Sijui watasemaje. Naogopa, kwa sababu karo ya mwanangu inatoka hapa, lakini sijutii hata kidogo. Mtu anayeogopa kufukuzwa hufunika kosa, na kosa lililofunikwa hulisha wageni sumu. Hilo nitawaambia, wapende wasipende.

Wakiniacha, jiko litakwenda hivi hivi. Wakinitoa, nitafungua hata kibanda cha maandazi Msambweni, na nikimwajiri mtu, asubuhi ya kwanza nitaanza kwa kumwambia nilichokosea mimi.

Mutua yuko kazini. Sasa hivi anasugua masufuria huku akiimba nyimbo za kanisani, vibaya kama kawaida yake, na leo hakuna aliyemwambia anyamaze.

Pumzika, mama yangu. Maadamu mwiko uko mkononi mwangu, humu jikoni hatolewi mtu kafara.

Wako,
Saumu