Shingo ya Mama Isiguswe

Muscat, Oman

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepoa, au bado unaukanda kwa maji ya moto huku ukimficha Manka? Na yule ng'ombe mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima. Joto la huku limeanza kupungua, lakini bado natamani ule ukungu wa Masama unaoingia mpaka jikoni. Mtori wako nao nautamani mpaka naona aibu, mtu mzima kulilia ndizi.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yako anaishika mdogo wangu Manka, na habari hii inamhusu. Barua nimempa Mama Happy wa Uru, tunayesali naye huku, kwa kuwa yeye anatangulia kuja likizo. Akikupa, soma mwenyewe. Vaa miwani.

Mama, juzi Manka alinitumia picha. Haikuwa na uso, ilikuwa shingo tupu na kidevu kwa juu. Chini ameandika, "Dada, hii inahitaji chupa ngapi?" Sikuuliza ni ya nani. Nilijifungia chooni pale kliniki ya urembo ninapofanya kazi, nikaikuza ile picha na kuitazama mpaka msimamizi akagonga mlango.

Nilipompigia, akanijibu bila wasiwasi wowote: "Wewe niletee tu dawa kwenye begi, dada. Kuchoma sindano nimeshajifunza kwenye video, siyo ishu. Krismasi watu wote wanarudi, saluni yangu hapa Njoro itajaa. Na Mama ndiye wa kwanza, kashakubali."

"Kakubali nini?"

"Kunyooshwa shingo. Anataka umkute kama ulivyomwacha. Anasema, mae jamani, mwanangu asije akashuka kwenye ndege akakuta bibi."

Nilikuwa nimejiandaa kumfokea, Mama, nikajikuta nalia. Kumbe ndiyo maana siku hizi tukiongea kwa video unajifunga kitambaa shingoni, nami nikadhani ni baridi! Najua kwetu Desemba ikikaribia watu hupaka nyumba rangi na kufyeka njia ya kihambani, kati ya migomba, ili wanaorudi wakute pamependeza. Sikujua kwamba safari hii ukarabati unaanzia kwa mwenye nyumba.

Sasa nisikilize. Mimi sichomi mtu sindano, kazi yangu ni kuwawekea wateja barafu, kuwashika mkono na kufuta damu, lakini macho ninayo. Kuna sindano ya kulegeza misuli ya shingo, kuna nyingine ya kujaza mstari wa taya. Daktari aliyesomea huigusa shingo kwanza, anapima, anaweka alama, ndipo achome. Dawa yenyewe inakaa kwenye friji. Ikisafiri ndani ya begi langu mpaka Moshi, sijui itafika ikiwa nini. Majuzi aliletwa mama mmoja aliyechomwa na rafiki yake nyumbani, hawezi hata kumeza maji. Tulimkimbiza hospitali na akapona, ila ile hofu ya machoni mwake sijaisahau, na sitaki niione kwako.

Manka nimemwambia sileti hata tone. Amenuna, mwache anune. Lakini namjua, atatafuta kwingine mjini, na wewe kwake huna neno la hapana. Ndiyo maana nakuomba wewe. Akija na sindano yake, mwambie nimekataza mimi, lawama zote anirushie mimi.

Wala sitakudanganya kwamba hujazeeka. Umezeeka, Mama. Ngozi ya chini ya kidevu imelegea, na ile mikunjo niliyoiacha imezaa mingine. Iliniuma sana, na si kwa sababu ni mibaya. Iliniuma kwa kuwa yote imeingia mimi nikiwa huku nafuta shingo za mama za watu. Wanaokuja kliniki siwacheki, kila mtu na shingo yake. Ila wewe unajitengeneza kwa ajili yangu, na mimi sijakuomba hivyo.

Nisalimie mjomba Eliya, kaka yako, mwambie koti aliloniagiza nimelipata. Msalimie Mama Anande, jirani yetu anayekukatia majani ya ng'ombe mguu ukikusumbua, na wanakwaya wenzako wote wa usharikani. Manka naye mwambie nampenda, namletea mafuta ya nywele ya kutosha saluni nzima.

Nakuja, Mama, tiketi ninayo mkononi. Nikifika tukae jikoni mimi na wewe, unisimulie yote yaliyonipita, mwaka baada ya mwaka. Na kama kuna mkunjo ulioingia siku mlipomzika Baba, mimi nikiwa huku nimenyimwa ruhusa ya kuondoka, huo nataka niuone kwa macho yangu. Usiache mtu aufute.

Mwanao anayekuwaza kila siku,
Ndeshi