Tone la Marashi Kwenye Diski ya Tatu

Barani, Malindi
Jumanne, 28 Machi 1989

Kwa shoga yangu Mbeyu, huko Magarini,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Baba Kache na wote wa mji wako. Hujambo wa mwili? Na lile goti, limekuacha ulale, au bado lakusumbua panapo baridi ya alfajiri? Mimi wa mwili sijambo, alhamdulillahi. Moyo ndio si mzima, na ndio ulionikalisha na kalamu.

Najua barua hii utasomewa na Kache, kama zote zilizotangulia. Namwomba akusomee taratibu, asiruke kitu, hata atakapokutana na jina lake mwenyewe. Mwandiko wangu ni ule ule wa ngumbaru, herufi kama kuku waliotishwa, lakini yeye keshauzoea.

Pengine amekwambia amepewa likizo. Si likizo, shoga. Amesimamishwa kazi, leo siku ya kumi na tatu, na Alhamisi ya wiki ijayo kamati ya ushirika wetu wa wakulima itakaa kuamua afukuzwe au arudi. Akifukuzwa kwa jina la uharibifu, hakuna ofisi Malindi wala Kilifi itakayompa kiti. Basi nikueleze ilivyokuwa.

Ile kompyuta ya wafadhili ilifika ofisini mwanzo wa mwezi huu, fundi wake akiwa bado Mombasa. Pamoja nayo zilikuja diski tano katika kijisanduku. Kache ndiye aliyepelekwa kusomea mambo hayo, naye alinieleza kwamba mashine mpya ni kama mtoto mchanga asiyejua hata kunyonya. Ndani ya zile diski mna programu kuu, ya kuifundisha kuamka na kufanya kazi. Ni vitu vyeusi, vya mraba, vyepesi, na kila kimoja kina kidirisha unapoonekana utando wa hudhurungi. Funguo za kabati alikabidhiwa Kache. Mimi nilibaki na funguo za mlango, ufagio na birika langu la chai.

Fundi Simeon alipofika, alitia diski ya kwanza, mashine ikaisoma. Ya pili ikaisoma. Ya tatu ikaguna, ikaguna, kama mtu atafutaye kiatu uvunguni, halafu ikaandika maneno kwenye kioo. Simeon akatuambia yasema kuna faili haionekani. Akaizima, akaanza upya. Akasafisha mdomo wa mashine kwa pamba na spiriti. Akaihamishia diski tundu la pili. Yale yale. Mwisho akafungua kijitabu kilichotaja kila faili iliyomo katika kila diski, akalinganisha kwa kalamu: kijitabuni kumi na tisa, kwenye kioo kumi na nne, na katika hizo kumi na nne, mbili majina yake yamevurugika kama maandishi ya mlevi. Akasema faili hazina miguu. Ama diski imeharibika, ama yuko mtu aliyezifuta.

Lo, Mbeyu! Tangu neno hilo kutamkwa, hatukunywa tena chai pamoja. Karani wa mizani alisema waulizwe wanaoogopa mashine itawanyang'anya kazi, na makarani wenzake wakamjibu kwamba mwoga wa kwanza ni yeye. Mtu akienda chooni, mwenzake ahesabu dakika. Bwana Mbaruk, meneja wetu, alifungia kabatini mpaka sukari, kana kwamba mwenye kufuta faili hashindwi kulamba sukari. Kisha wakaanza kujiuliza ni nani pale ajuaye kufuta. Jibu likawa moja tu, nalo lilikuwa limekaa kwenye dawati la dirishani, limejifunga leso ya manjano uliyompa wewe.

Simeon aliielekeza ile diski ya tatu kwenye mwanga, akaona kijidoa cha duara kwenye kidirisha. Akaipeleka puani. Akasema inanukia. Ikapita mkono kwa mkono, pua kwa pua, kama mchuzi unaoshukiwa kuchacha. Bwana Mbaruk akakata shauri kwamba hayo ni manukato ya msichana, na msichana pale ni mmoja. Kache akasema yeye hajipaki chochote ila mafuta ya nazi. Wakamcheka, wakasema hata mwizi wa kuku husema hapendi nyama.

Hapo meneja akauliza kama yuko aliyeona lolote. Nikajibu mimi. Nikasema Ijumaa iliyotangulia nilimwona Kache akitia diski kikapuni mwake na kwenda nayo nyumbani.

Na ni kweli nilimwona. Kache alieleza kwamba ile ilikuwa diski yake ya mafunzo, alikwenda kumwonyesha mamake. Wakamuuliza mama asiyejua kusoma aonyeshwe diski ili iweje. Lakini wewe na mimi twajua, Mbeyu. Siku ya soko uliniambia mwenyewe, hali ukicheka, kwamba umekishika kitu chepesi kuliko jani la kisamvu na ukaambiwa ndicho kimlipacho mwanao. Nilikuwa nimeyasikia hayo kabla ya kuulizwa. Wala sikuyasema.

Sasa Kache, mwanangu, hapa ndipo. Vuta pumzi, usome.

Alhamisi moja kabla ya Simeon kuja, Kache alizitoa zile diski katika bahasha zake, akazipanga mezani anionyeshe. Alinikanya nisiguse kile kidirisha kwa kidole, hata kidogo. Halafu akaitwa kwenye simu. Unajua ada yangu ya Alhamisi alasiri: naisomea ofisi Fatiha, nafukiza udi, narashia marashi, Ijumaa itukute safi. Nikaviona vile vitu vipya vimejilaza, navyo ndivyo vitakavyoshika majina ya wakulima wote, lako na la mumeo yamo. Nikaona si vyema kuviacha bila baraka. Nikachukua mrashi, nikavirashia. Kwa kidole sikugusa. Nilikanywa kidole, nikatii kidole. Tone moja nililiona likitua kwenye kidirisha, nikalifuta kwa ncha ya leso, nikamshukuru Mungu.

Kwa hiyo diski ilipofika puani kwangu siku ile, sikuhitaji fundi. Ni marashi yangu mwenyewe, nayanunua kwa mtu mmoja tangu niolewe. Nilijua palepale. Na nilipokwisha kujua, ndipo nilipotaja kikapu. Nilisema kweli, na ile kweli niliitumia kwa kazi ya uwongo.

Na Kache alijua pia. Ilipopita pua yake alinitazama mara moja, kisha akainamisha macho. Angeweza kusema aliniacha peke yangu na zile diski. Hakusema. Mtoto niliyemnyonyesha ziwa moja na Batuli wangu siku zile arobaini ulizolazwa hospitali, alinisitiri, na mimi nikamuuza.

Leo asubuhi zilifika diski nyingine kutoka Mombasa. Ya tatu ikapita, mashine ikaamka, watu wakapiga makofi. Mimi mikono haikuinuka. Nikamfuata Bwana Mbaruk ndani, nikamweleza yote. Akaniuliza kwani kompyuta ni bibi harusi hata nikaitia marashi. Simeon alithibitisha kwamba ule utando haustahimili hata jasho la kidole. Lakini meneja asema hawezi kufuta jambo lililokwisha andikwa. Kamati itatusikiliza sote wawili, uso kwa uso. Nami amenipokonya funguo za mlango. Ni haki yake.

Zimebakia siku kumi mwezi mtukufu uingie, na haki ya mja Mungu haifuti mpaka mja mwenyewe asamehe. Sisemi nisamehewe kwa kuwa mwezi waja. Nasema Kache aje Alhamisi ya kamati saa tatu asubuhi, asikie nikimsafisha mbele ya wale wale niliomchafua mbele yao. Akitaka kunitemea mate, atanikuta nimesimama.

Nina hofu moja iliyobaki. Kache, wewe una moyo wa kusitiri. Waweza kufika hapa ukamwambia mamako barua imekwisha, Bi Mwanatumu akusalimu, ukaikunja. Nikijibiwa kwa salamu tamu na habari za mihogo, nitajua umeniruka. Nisitiri kwa mengine, mwanangu. Kwa hili, nisomee.

Batuli awasalimu, naye keshajua yote na hasemi nami sana. Msalimie Baba Kache, na Nyevu jirani yako.

Nakuomba, Mbeyu, unijibu upesi, kabla ya Alhamisi hiyo.

Ni mimi,
Mwanatumu binti Fumo