Sura ya Baba Kurudi

Alhamisi, 4 Septemba
Naandika sura ya tisa ya kitabu cha pili, mara ya nne. Mhariri amepiga tena kutoka Arusha. Watoto waliosoma kitabu cha kwanza wanauliza jambo moja tu: baba yake Safina atatoka lini chini ya ziwa? Nilimzamisha mwenyewe, akitafuta mvua iliyoibiwa, binti yake akabaki ufukweni na kiboko wake anayempanda. Sasa inabidi nimtoe.

Paskalina wangu anasoma kila ukurasa ninaoumaliza. Ana miaka kumi. Baba yake aliondoka miaka mitatu iliyopita, hakuaga. Anadhani sijui kwa nini ananihimiza nimalize.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani, matangazo ya ndoa, mara ya kwanza. Jina la Baba Paskalina na la binti mmoja wa kwaya. Mimi niliishi naye miaka tisa bila ndoa. Kila mwaka ilikuwa tusubiri mavuno. Kumbe njia ya kwa mchungaji anaijua.

Paskalina alikaa kando yangu. Hakugeuka. Niliona aibu.

Jumatatu, 8 Septemba
Sikuandika hata mstari. Nimepukuchua mahindi hadi vidole vikachubuka.

Jumapili, 14 Septemba
Mara ya pili. Mwenye pingamizi aonane na mchungaji. Nilifika hadi mlango wa ofisi, nikarudi. Ningesema nini? Kwamba bado nampenda? Nampenda, mjinga mimi.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimemtoa baba yake Safina ziwani. Anaibuka asubuhi, amebeba mvua begani, anamwita Safina kwa jina. Nililia nikiandika. Sijawahi kuandika sura nzuri kama hii. Angalau baba mmoja arudi.

Nimempa Paskalina asome.

Jumapili, 21 Septemba
Mara ya tatu. Hakuna aliyeweka pingamizi. Watafunga ndoa Jumamosi.

Baada ya chakula Paskalina alinirudishia zile kurasa, amezipanga vizuri.

"Mama, hii usiiweke. Watoto wengine wataanza kusubiri."

Nikamuuliza, na wewe? Akasema yeye ameshaacha. Kisha akatoka kwenda kuanua nguo.

Nimeichana. Imeniuma kuliko matangazo yote matatu.

Naanza sura ya tisa upya. Safina anamgeuza kiboko wake, anarudi nyumbani. Mlango uko wazi, mama yake yuko jikoni, anasonga ugali. Huyu mama sikumwandika popote katika kitabu cha kwanza. Sijui hata jina lake. Nitamuuliza Paskalina akirudi ndani.