Mkono wa Mbuzi Kwenye Friji la Pili

Jumapili, 4 Septemba 1983
Tumetoka kanisani. Mama mkwe amefungua friji la mafuta ya taa, kama kila Jumapili. Ameangalia, amefunga, amekwenda kubadilisha nguo. Ndani mna kitu kimoja tu: mkono wa mbuzi wa Krismasi iliyopita, umefungwa kwenye nailoni. Ni fungu la Aminiel, mdogo wake mume wangu. Anafanya kazi gereji huko Voi, Kenya, na mpaka wa Holili umefungwa mwaka wa saba sasa. Fungu la mtoto wa kiume haliliwi na mwingine. Basi kila Krismasi Mama anatoa la zamani, analifukia mgombani, anaweka jipya. Mwaka mzima friji linawaka kwa ajili ya mkono mmoja.

Jikoni tuna friji la umeme, dogo, la maziwa. Linatutosha. Hili lingine Mzungu wa shamba la kahawa alimwachia marehemu baba mkwe alipoondoka. Linakunywa mafuta ya taa kuliko taa zote za nyumba hii.

Jumatano, 14 Septemba
Duka la kijiji halina mafuta. Wiki ya pili. Binti yangu Neema na mdogo wake wanasoma na kibatari, mimi nasahihisha madaftari ya darasa la sita kwa kukodoa macho, maana umeme unakatika hovyo. Mume wangu Elisante ameguna tena. Anasema tunalisha friji watoto wakikaa gizani. Kamwambia mama yake? Hapana. Ananiambia mimi. Nimechoka kuwa sikio lake.

Ijumaa, 16 Septemba
Nimelizima. Mama alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani. Mkono nimeuhamishia kwenye friji la jikoni, nyuma ya maziwa, na mafuta yaliyobaki nimeyatia kwenye taa. Nitaurudisha Jumapili asubuhi kabla hatujaenda kanisani. Mtu mzima na akili zangu, nafanya mambo ya kitoto.

Jumapili, 18 Septemba
Umeme ulikatika jana asubuhi. Haujarudi. Friji la jikoni halina hata kijumba cha barafu cha maana, na nyama imeanza kuyeyuka. Mungu amenisaidia kwa upande mmoja: Mama kaamka na kifua, hakwenda kanisani, hakufungua friji.

Jumatatu, 19 Septemba
Nyama imeharibika. Nimeifukia mwenyewe, chini kabisa ya kihamba, shamba letu la migomba. Nimelia kidogo. Siyo kwa sababu ya nyama. Mama huyu ndiye aliyenilelea wanangu miaka miwili nilipokuwa chuo cha ualimu. Nimemzalia wajukuu wawili wa kike, hajaniuliza hata siku moja wa kiume yuko wapi. Wenzangu wanasimangwa mpaka wanarudi kwao. Kitu kimoja tu alichotaka nyumbani hapa ni friji liwake.

Jumamosi, 24 Septemba
Nimeshuka sokoni Kiboriloni kwa miguu alfajiri. Foleni ya mafuta, nimepata chupa tatu. Foleni ya nyama, mchinjaji ana mbuzi mmoja tu na watu wamemzunguka. Nimepata mkono. Nimepanda mlima na mzigo huo, vumbi mpaka magotini. Mama alikuwa uani anachambua maharage. Kaniangalia tu. Nimeufunga kwenye nailoni ileile niliyokuwa nimeifua, nimewasha friji.

Jumapili, 25 Septemba
Amefungua. Amekaa nalo wazi muda mrefu kuliko kawaida. Amefunga. Amekwenda kubadilisha nguo. Mtori wa ndizi wa mchana sikuuonja.

Jumanne, 11 Oktoba
Hakuna jipya, ila mafuta yamerudi dukani. Naamka, nakata utambi, naangalia moto kama ni wa bluu, naenda shule. Nimekuwa mtumishi wa friji.

Ijumaa, 18 Novemba
Redio imesema mpaka unafunguliwa. Elisante alikuwa ananyoa ndevu, katoka uani na povu upande mmoja. Mama hakupiga kelele. Kaomba kiti. Kakaa, kaimba wimbo wa kanisani taratibu, beti zote. Nimefurahi mpaka nikasahau kosa langu. Halafu nikakumbuka.

Jumatano, 30 Novemba
Mtu kaleta barua ya Aminiel. Anafika Jumapili. Mama kasema mkono utapikwa siku hiyo, ale fungu lake yeye Mama akimwona. Siwezi kumlisha shemeji nyama ya bucha kwa jina la fungu la nyumbani kwa baba yake. Siwezi.

Jumamosi, 3 Desemba
Nimemwambia Mama. Alikuwa anamenya ndizi. Nilipiga magoti kabisa, nikaeleza yote, kuzima, umeme, kufukia, Kiboriloni. Hakuacha kumenya. Kasema, "Najua, Mama Neema. Huu ni mkono wa kulia. Wa Aminiel ni wa kushoto."

Miaka yote nimekula Krismasi nyumba hii sikujua. Mkubwa ana wa kulia, mdogo wa kushoto. Wanaume wanajua, na yeye anajua. Mimi nilinunua wowote. Aliona Jumapili ileile.

Nikauliza kwa nini alinyamaza. Kasema aliniona nikipanda mlima na mzigo, mafuta mkono huu, nyama mkono huu, akaona haya kunisema. Anaona haya yeye. Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha kasema, "Wa kulia ni wa mume wako. Basi yeye atampa mdogo wake kwa mkono wake." Kamwita Elisante, kamwambia yote mbele yangu. Nilitegemea makelele. Elisante kaniangalia, kasema na yeye ndiye aliyekuwa akinitia maneno. Ni mara ya kwanza kukiri kitu tangu tuoane.

Jumapili, 4 Desemba
Amefika. Mvi kichwani, na Kiswahili cha Kenya. Kasimama mlangoni kasema, "Shikamoo, Mama," mara mbili, kama vile ya kwanza haikutosha. Mama kamshika masikio yote mawili, kama mtoto.

Elisante kaukata mkono mwenyewe. Kamwambia mdogo wake, hili ni fungu langu, la kwako limeharibika njiani, kula. Aminiel hakuelewa vizuri, ila alikula. Elisante naye alikuwa anatafuta leso. Mimi nilikuwa namimina mbege, pombe yetu ya ndizi, na kumshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa kila kitu, hata kwa umeme kukatika.

Alhamisi, 15 Desemba
Barua ya wizara. Nimechaguliwa kozi ya mwaka mzima, Songea, kuanzia Januari. Niliomba miaka mitatu iliyopita. Naogopa. Mama kasema niende, wasichana atawalea, kwani hajawahi?

Elisante kauliza kama sasa friji la mafuta lizimwe, maana Aminiel anakuja na kurudi apendavyo. Mama kasema tutaona Krismasi.

Jumatatu, 26 Desemba
Jana tulichinja. Aminiel kala wa kushoto; kaja na mkewe na watoto, wote wapo. Friji lilikuwa tupu, nimelifuta ndani kwa limau, nikajua leo linazimwa.

Leo asubuhi nimemkuta Mama anafunga kipande kwenye nailoni. Nyama ya mgongo, nzuri. Nimeuliza ya nani, wote si wapo. Kasema, "Yako. Songea ni mbali."

Wanawake hatuwekewi. Miaka kumi na tatu niko hapa, sijaona. Nimekwenda bandani, nimesimama na ng'ombe mpaka uso ukauka.

Niliporudi Elisante alikuwa amepiga magoti anajaza tangi. Hakuguna.

Jioni nimemfundisha Neema kukata utambi usawa, ili usitoe moshi nikiwa sipo.