Dakika Mbili za Baba na Goti la Mzee Gervasi

Mpendwa mshauri wetu wa redioni, Mama Veneranda, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na tafadhali usinitaje jina, maana mimi naona aibu hata kuliitikia darasani.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko hapa kambini tangu tulipotoka Burundi tukashukia Kagunga, kule Burundi nilisoma kwa Kifaransa na hapa najifunza kompyuta kwa Kiingereza, na balaa langu limetokea hapo katikati. Dada yangu anaposwa na kijana wa Kibirizi, kwao ni wauza dagaa, watu wazuri tu, na Jumamosi wanakuja kupokea jibu. Mila ya ukoo wao ni kwamba mzee wao akishatoa ombi hakai, anasimama mpaka baba wa binti amjibu, na akikaa kabla ya jibu ina maana wamekataliwa, wanaondoka, na urwarwa, ile pombe yetu ya ndizi, haifunguliwi. Tena baba hawezi kurekodi jibu mapema, kwa sababu hajaulizwa.

Baba yetu yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, anajengea watu nyumba. Simu ya video tulijaribu mwezi uliopita, baba akaganda mdomo wazi, na mzee wao, Mzee Gervasi, akasema yeye hapokei mke kutoka kwa mtu aliyeganda. Ndipo tukapatana kwamba akishaomba tutampigia baba asikie, baba atajirekodi video akijibu, ataituma, huko aliko mtandao ni wa kasi, kisha mimi nitaipakua kwenye chumba cha kompyuta kilichopakana na ukumbi. Mzee Gervasi akauliza itachukua muda gani, maana ana goti bovu.

Mama, hapo ndipo nilipofungua mdomo. Baba alikuwa amejirekodi kwa majaribio dakika nne, hakutuma, akanisomea tu ukubwa wake, megaokte 240, ndivyo tunavyosema kwa Kifaransa. Ukutani kwenye chumba cha kompyuta pameandikwa kasi ni megabiti mbili kwa sekunde. Nikadhani biti na okte ni kitu kimoja kwa lugha mbili, kama maji na amazi, nikagawanya 240 kwa mbili nikapata sekunde 120, nikamnong'oneza mama dakika mbili, mama akawatangazia wote. Mjomba Harerimana akasema, "Huyu mtoto haongei, lakini akiongea ni hesabu." Mzee Gervasi naye akasema, "Baba akishatuma, dakika mbili nitasimama. Ya tatu nakaa."

Jumanne nikapakua wimbo wa kwaya wa megaokte 15, nikitegemea sekunde saba na nusu, ukachukua dakika nzima, nikarudia ikawa dakika ile ile, nikafungua kitabu cha Kiingereza nikakuta okte ndiyo baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo jibu la baba ni dakika kumi na sita. Dada ameshapima gauni. Kila nikitaka kumwambia mama, nachukua ndoo naenda kuteka maji. Yeye hukusikiliza kila Alhamisi akipika maharage, anakuamini sana. Je, ninyamaze tu nimwombe Mungu aongeze kasi?

Mimi mwenye aibu, kambini.

MAMA VENERANDA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Mungu tumwachie mambo yake. Kuzidisha kwa nane unaweza mwenyewe.

Kosa lako unalijua. Uliona majina mawili ukaamua ni mapacha, hukumuuliza mtu. Hapo Kibirizi hakuna anayeuza ndoo ya dagaa kwa bei ya kopo eti kwa sababu vyote vina dagaa ndani. Biti ni kopo. Okte ni ndoo, na ndoo hiyo inajaa kwa makopo manane. Lakini ulipima kwa wimbo, ukapima tena, na hapo umewashinda watu wazima wengi wanaoniandikia.

Sasa sikiliza. Kasi ya ukutani huwezi kuibadilisha, goti la mzee halibadiliki, kinachobadilika ni maneno ya baba yako. Dakika nne ni megaokte 240, basi nusu dakika ni 30. Zidisha kwa nane upate megabiti 240, gawanya kwa mbili, ni zile zile dakika mbili ulizoahidi. Mwambie aseme kwa sekunde ishirini, ili ibaki akiba. Salamu za ukoo mzima aziweke kando. Aanze na "ego", yaani ndiyo, Waha wa Kibirizi na Warundi wote wanalielewa, ataje jina la binti, ataje la kijana, atume. Hotuba yake ndefu aitume baadaye; pombe ikishafunguliwa, nani atahesabu dakika kumi na sita? Na siku hiyo kompyuta nyingine zote chumbani zizimwe, maana kasi hiyo mnagawana. Ijumaa mjaribu.

Lililobaki ni mdomo wako. Jina sijalitaja, kama ulivyoomba. Goti hukuniomba nilifiche, na Kibirizi hakuna nyumba isiyolijua. Mzee Gervasi, najua unasikiliza: Jumamosi njoo na fimbo, kuegemea si kukaa.

Na wewe binti, hivi sasa mama yako ameshika mwiko anakutazama. Mpokee huo mwiko, maharage yasiungue, umwambie kwa kinywa chako, kisha mpigieni baba pamoja, na wa kumwambia afupishe ni wewe. Anza kwa kusema "mama". Yanayofuata ni hesabu.