Mwaka Nilioitwa Glynis

Jumatatu, 3 Machi 2025

Barua ya mfuko wa pensheni imefika. Miaka minne na miezi mitatu, wanasema. Sheria ya enzi zile ilitaka mitano, na chini ya hapo hupati kitu. Nimeisoma mara tatu, koti la mvua bado mwilini.

Glynis ana miaka kumi na tisa ya kazi, hana pengo hata la siku moja. Kiwanda kilekile cha biskuti, meza ileile, tukipanga za tangawizi kwenye makopo bega kwa bega mpaka kilipofungwa. Sasa yeye anakula pensheni na ana koti jipya la sufu, rangi ya ngamia. Jana kanisani alilivua na kulivaa mpaka sote tukaiona bitana.

Namwonea wivu. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewapigia simu. Kijana anaitwa Callum, mpole kupita kiasi. Nikamwambia nilianza Januari 1981, si Februari 1982. Jina langu halimo kwenye daftari la 1981, akasema. Je, nina karatasi yoyote ya mshahara? Sina. Basi nitafute mtu niliyefanya naye kazi, aandike ushahidi na kutia saini.

Sikumwambia kwa nini halimo. Glynis alijifungua Stephen ile Desemba, mtoto mgonjwamgonjwa, na kiwanda kisingemwekea nafasi. Wanawake wa chumba cha kupakia wakapanga, kama walivyowapangia wengine kabla yake. Mimi sikuwa na kazi. Nikagonga kadi yake ya mahudhurio kwenye saa ya mlangoni, asubuhi na jioni, nikavaa kofia yake. Kwa kofia zile sote tulifanana. Msimamizi alijua, akaangalia pembeni.

Mwaka na ushee niliitwa Glynis. Nilipoajiriwa kwa jina langu, wiki ya kwanza nilikuwa siitiki nikiitwa Avril.

Jumapili, 9 Machi

Nimewapitia wote wa chumba kile. Kaburini. Kaburini. Msimamizi kaburini. Mmoja yuko nyumba ya wazee, hamtambui hata bintiye. Amebaki Glynis — lazima awe yeye!

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda. Tumekunywa chai kwenye chumba cha vioo alichojengewa na Stephen. Mimi sina mtoto wa kunijengea hata kibanda cha kuku. Juu ya meko ya sebuleni, saa ya dhahabu ya kiwanda, zawadi ya miaka kumi na tano bila kukatika. Bila kukatika! Niliyeziba pengo ni mimi.

Nikamwomba. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Avril, shoga yangu, yale si tuliyamaliza zamani?"

"Wewe uliyamaliza. Mimi pensheni yangu haijaanza."

"Nikiandika hivyo najishtaki mwenyewe. Watanikata mwaka. Pengine wanifunge."

"Wakufunge kwa biskuti, Glynis?"

Hakucheka. Mara Stephen akapiga simu kutoka Kanada, na yeye akaanza mwanangu hivi, mwanangu vile, mimi nimesimama tu pale kama muuza brashi wa mlango kwa mlango. Nikachukua mwavuli wangu nikaondoka. Sikuaga.

Ijumaa, 14 Machi

Mume wangu Derek angeniambia niachane nayo. Lakini Derek hayupo, na mimi sijalala vizuri tangu Jumatano.

Nimewaandikia mfuko wa pensheni. Kurasa mbili. Jina lake kamili, kadi, tarehe, kwamba hakukanyaga kiwandani mwaka ule mzima. Callum hatanipa mwaka kwa barua ile, najua. Nataka tu na yeye awe na pengo. Nimeisoma tena baada ya chakula na imenipendeza. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Sina stempu. Nimeiacha mezani sebuleni.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa nimesimama jikoni. Birika liko motoni. Glynis yuko sebuleni.

Alikuja kwa mlango wa nyuma, amelowa, ana kitu kimefungwa kwa taulo la vyombo. Koti lake nimelitundika hapa jikoni likauke. Akanikabidhi furushi. "Fungua nikiwa sikuoni," akasema, "nina haya." Akapitiliza kwenda kukaa.

Ni ile saa. Na chini yake karatasi imekunjwa. Mistari mitano. *Mwaka ule mimi nilikuwa nyumbani na mtoto. Aliyefanya kazi ni Avril Sutcliffe.* Saini, tarehe, anwani. Hata mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Nimeisoma mara mbili ndipo nikakumbuka barua yangu. Iko mezani. Iko wazi. Yeye amekaa kiti cha Derek, mezani palepale.

Ameniita sasa hivi. Anasema ameona jina lake kwenye karatasi, nimemwandikia nini? Sauti yake ina furaha. Anasema haoni vizuri, miwani ameiacha mfukoni mwa koti, nimletee.

Birika linapiga mluzi. Nimeingiza mkono mfukoni. Miwani ninayo.

Ananiita tena.